Impreza WRX iliyozeeka: namna ya kuurudisha usukani wake, hatua kwa hatua

Malalamiko ninayoletewa na wenye Subaru Impreza WRX za kati ya 2000 na 2007 yanafanana karibu neno kwa neno. Gari limepelekwa alaimenti si mara moja, shokapu mpya zimefungwa, pengine na springi fupi juu yake. Bado likifika kilomita 80 kwa saa linatangatanga, usukani una ulegevu katikati, na kwenye kona pua inakimbilia nje. Pesa imekwenda na gari ni lile lile.

Mara nyingi spea zilizonunuliwa hazina kosa. Kilichokosewa ni mpangilio wa kazi. Alaimenti hupanga pembe za magurudumu na kuzifunga zilivyo. Kama bushi (raba za viungo) zimepasuka na tairodi endi (viungo vya mwisho vya vyuma vya usukani) zina pleyi, yaani zimelegea, pembe zilizopangwa kwenye mashine zinabadilika gari likikanyaga tuta la kwanza nje ya geti. Kwa hiyo tunakwenda hivi: matairi kwanza, kisha kila kilicholegea, kisha oili ya stelingi na shokapu, kisha alaimenti, na maboresho mwisho kabisa.

Nimeandika nikiifikiria Impreza ambayo namba yake ya chasisi inaanza na GDA, GDB au GGA. Forester SG imejengwa karibu sawa nayo. Mwenye Toyota Altezza anaweza kufuata mpangilio huu huu, ila chini ya gari lake atakuta mikono (vyuma vinavyoshika gurudumu) miwili kwa kila gurudumu, juu na chini, hivyo viungo vya kukagua ni vingi zaidi.

## Vitu vya kuandaa

- Jeki ya gereji na stendi nne. Jeki inanyanyua tu. Kazi ya kulibeba gari wakati wewe uko chini yake ni ya stendi.
- Mbao za kuzuia magurudumu yasibingirike.
- Spana na soketi za milimita 10 hadi 22, na bomba la kuongezea nguvu kwenye mpini.
- Spana ya toki, ile inayopima nguvu ya kukaza, inayofika angalau Nm 150.
- Mtaimbo mfupi, nyundo, na pula ya kung'olea boljointi (kiungo cha mkono wa chini na gurudumu).
- Oili ya kulegeza kutu, brashi ya waya, grisi.
- Chaki au rangi nyeupe, tepu ya kupimia, tochi.
- Geji ya upepo iliyo yako. Geji za vituoni hazikubaliani hata zenyewe kwa zenyewe.
- Lita mbili za ATF (oili ya gia otomatiki, itumikayo pia kwenye stelingi) aina ya Dexron III, na bomba kubwa la sindano la kunyonyea.
- Spliti pini mpya.

Spea usinunue bado. Utajua za kununua ukimaliza hatua ya pili, na hapo ndipo utakapookoa fedha nyingi kuliko mahali pengine popote.

## Hatua ya 1: Matairi na rimu

Anza hapa kwa sababu ni rahisi, na kwa sababu tairi bovu huiga karibu kila ugonjwa wa stelingi.

Pima upepo asubuhi kabla gari halijatembea. Kibandiko cha kiwandani kiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kwa WRX nyingi utakuta kama psi 32 au 33. Magari mengi yanayolalamikiwa hukutwa na 40 au zaidi, kwa imani kwamba tairi ngumu hulinda rimu dhidi ya mashimo. Tairi iliyojazwa hivyo inagusa lami kwa ukanda wa katikati tu, na gari linarukaruka badala ya kushika.

Soma tarehe. Pembeni mwa tairi kuna tarakimu nne mwishoni mwa herufi za DOT: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi ya miaka kumi inaweza kuwa na maua mengi na bado mpira wake umekauka kama kwato. Hiyo haina dawa.

Kisha linganisha matairi yote manne. Impreza hii inaendesha magurudumu yote, na Subaru inataka mizunguko ya matairi isitofautiane zaidi ya milimita 6.4. Funga tepu kuzunguka kila tairi uone. Mawili mapya mbele na mawili yaliyokwisha nyuma, au chapa mbili tofauti za ukubwa unaodaiwa kuwa sawa, huilazimisha difu ya katikati (gia inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma) kufanya kazi saa zote. Inapata joto, inachakaa, na gari linajisikia zito na lenye kubana kwenye kona za polepole.

Mwisho, rimu. Tundu la katikati la rimu ya Subaru ni milimita 56.1. Rimu za kubadilisha mara nyingi zina tundu kubwa zaidi, na bila pete ya kujazia nafasi hiyo gurudumu halikai katikati ya habu: usukani utatetemeka hata baada ya balansi nzuri. Angalia pia namba ya ET nyuma ya rimu: ikiwa ndogo, gurudumu linasogea nje. Za kiwandani za inchi 17 ni 53 hadi 55. Ukifunga ET 35 ili magurudumu yajae kwenye madigadi, kila ufa wa barabara utauvuta usukani mkononi mwako, na hakuna alaimenti itakayoondoa hilo.

Ukifaulu: matairi manne ya aina moja, upepo sahihi, balansi imefanyika, na usukani hautetemeki kati ya kilomita 80 na 110 kwa saa. Baadhi ya wasomaji watakuta tatizo limeishia hapa.

## Hatua ya 2: Kusaka pleyi

Hii ndiyo hatua inayorukwa. Fundi anatikisa gurudumu mara moja, anasema "tairodi", na mwenye gari anakwenda Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, kununua tairodi endi. Tenga asubuhi nzima na uandike unachokikuta.

### Gari likiwa chini

Mpe mtu usukani, injini ikiwa imezimwa lakini ufunguo uko kwenye nafasi ya kwanza ili usukani usijifunge. Aucheze kushoto na kulia kidogo kidogo, kama sentimita tano, bila kusimama. Wewe weka vidole kwenye kila kiungo kwa zamu: jointi za shafti ya usukani, reki yenyewe (kifaa kinachosukuma magurudumu kushoto na kulia unapogeuza usukani), reki endi ndani ya buti la mpira, kisha tairodi endi.

Unachotafuta ni kiungo ambacho upande mmoja unasogea na mwingine unachelewa. Vidole hukamata pleyi ndogo ambayo jicho halioni. Kipimo hiki kina maana zaidi gari likiwa chini kwa sababu viungo vimebeba uzito kama vinavyoubeba barabarani.

### Gari likiwa juu

Onyo: simamisha gari mahali tambarare na pagumu, funga breki ya mkono, zuia magurudumu ya nyuma, nyanyua kwa jeki chini ya krosimemba ya mbele (chuma kinachokatiza chini ya injini), kisha weka stendi kwenye sehemu zilizoimarishwa za ukingo wa bodi. Usiweke jeki chini ya sampu ya oili. Kabla ya kuingia chini, lisukume gari kwa mikono miwili. Likitikisika juu ya stendi, shusha upange upya.

Shika gurudumu kwa nafasi ya saa tatu na saa tisa za mshale, tikisa. Pleyi hapa ni tairodi endi au reki endi. Shika saa sita na saa kumi na mbili, tikisa. Pleyi hapa ni beringi au boljointi. Kuzitofautisha, mtu akanyage breki wakati unatikisa: ikipotea, ni beringi, ikibaki, ni boljointi. Kwenye Impreza kagua beringi za nyuma kwa makini, maana hufa mapema. Zungusha gurudumu huku mkono mmoja umeshika springi. Beringi mbovu utaisikia ikikwaruza kupitia chuma kabla sikio halijasikia kitu.

Sasa chukua mtaimbo. Uchomeke kati ya mkono wa chini na krosimemba na upinde taratibu. Mkono huu una bushi mbili. Ile ya nyuma, kubwa, ndiyo inayozuia gurudumu lisirudi nyuma ukikanyaga breki, na ndiyo inayopasuka kwanza kwenye barabara zetu za matuta. Raba ikiwa na ufa unaoingia kucha, au chuma cha katikati kimehama upande mmoja, imekwisha. Dalili yake barabarani: ukikanyaga breki gari linachepuka, ukiachia linarudi.

Nyuma kuna mikono miwili ya upana na mmoja wa urefu kwa kila gurudumu. Wengi hawaigusi kwa sababu "stelingi iko mbele". Bushi zake zikilegea, gurudumu la nyuma linaanza kujipangia mwelekeo, na dereva anasikia mkia ukiyumba akibadilisha njia. Unasahihisha kwa usukani, mkia unajibu, unasahihisha tena. Magari mengi yanayosemwa kuwa "yanatangatanga" yana ugonjwa huu.

Tikisa pia stabilaiza linki, vijiti vya kuunganishia stabilaiza, fimbo inayozuia gari lisilale kwenye kona. Zikilegea zinagonga kwenye mashimo madogo, na gari linalala kabla stabilaiza haijaanza kazi.

Ukifaulu: una karatasi yenye orodha, upande kwa upande, ya kilicho kizima na kilichokufa. Sasa nenda ukanunue, na namba ya chasisi mkononi.

Kuhusu spea: boljointi na tairodi endi za 555 za Kijapani na shokapu za KYB huigwa sana. Bei ikiwa nusu ya duka la jirani, acha. Kati ya spea iliyotumika kutoka Japani na mpya ya kuiga, kwa mkono wa chini mzima nachukua iliyotumika na kuifunga bushi mpya. Kwa boljointi sichukui iliyotumika hata siku moja: ikichomoka, gurudumu linalala chini ya gari.

## Hatua ya 3: Kubadilisha kilichokufa

Loweka kila bolti kwa oili ya kulegeza kutu jioni ya siku iliyotangulia. Magari yaliyotoka sehemu za Japani zenye theluji yamekula chumvi ya barabarani, na yaliyokaa Mombasa, Tanga au Zanzibar yamekula ya bahari. Bolti mbili zitakusumbua kuliko zote: ile inayobana boljointi kwenye kifundo cha gurudumu, na ile ndefu ya mikono ya upana ya nyuma, ambayo hugandana na chuma cha ndani ya bushi. Ikikataa, usiikatikishe kwa hasira. Pasha moto, gonga, loweka, rudia. Kama utalazimika kuikata, uwe na mpya tayari.

Tairodi endi. Kabla ya kuifungua, piga alama ya rangi kwenye nyuzi pale nati ya kufungia ilipo, kisha hesabu mizunguko wakati wa kuitoa. Mpya ifunge kwa mizunguko hiyo hiyo. Hapo gari litaweza kufika kwenye alaimenti bila kula matairi njiani. Tumia pula kuing'oa. Nyundo pembeni mwa koni inaweza kukubalika, lakini nyundo juu ya nyuzi itaziharibu. Weka spliti pini mpya.

Boljointi. Fungua nati ya chini, tenganisha na mkono, kisha legeza bolti ya kubana na uivute chini. Safisha tundu kwa brashi ya waya mpaka chuma king'ae. Boljointi isipoingia mpaka mwisho, bolti ya kubana haitapita kwenye mfereji wake, na mtu asiye makini atailazimisha.

Bushi za mikono. Hapa ndipo kazi nyingi nzuri zinapoharibika, kwa hiyo soma taratibu.

Bushi ya raba haizunguki kwenye bolti. Chuma cha ndani kinabanwa, chuma cha nje kimeshikwa na mkono, na raba iliyo katikati ndiyo inayojinyonga gurudumu linapopanda na kushuka. Ukikaza bolti wakati gari liko juu ya stendi na mkono unaning'inia, umeiambia raba kwamba kule chini ndiko kwake. Ukishusha gari, raba inabaki imenyongwa kila saa, hata gari likiwa limeegeshwa. Linakaa juu kuliko kawaida, linakuwa gumu bila sababu, na bushi mpya zinapasuka ndani ya miezi michache. Kisha lawama zinaangukia spea.

Kwa hiyo: ingiza bolti, kaza kwa mkono tu, rudisha magurudumu, shusha gari, lisukumesukume juu chini likae kimo chake, halafu ndipo ukaze kabisa. Kwenye gereji isiyo na shimo wala rampu, nyanyua mkono wa chini kwa jeki ya pili mpaka gari linakaribia kuinuka kwenye stendi. Hapo ndipo kimo cha kawaida kilipo. Fundi akikuambia haina haja, simama pale mpaka ifanyike.

Bushi za poliyurethani ni suala jingine, kwa sababu zinazunguka kwenye chuma chake na hazijali kimo. Ni ngumu zaidi na zinajibu haraka, lakini zinataka grisi yake maalumu, zikikauka zinapiga kelele, na kwenye barabara ya makorogesheni (vijituta vya mfululizo) zinapeleka kila kitu kwenye bodi. Kwa gari la kila siku nafunga raba ya kiwandani kwenye mikono.

Ukifaulu: kipimo cha vidole na cha mtaimbo vinarudiwa na hakuna kinachosogea. Nati za magurudumu zimekazwa kwa msalaba, kama Nm 100.

## Hatua ya 4: Reki na shafti ya usukani

Reki imefungwa kwenye krosimemba kupitia raba. Raba zikilainika kwa oili inayovuja, unageuza usukani na reki inahama kwanza upande, ndipo magurudumu yafuate. Ule ulegevu wa katikati unaoudhi watu mara nyingi unatoka hapa. Mtu atikise usukani, nawe angalia reki yenyewe: ikisogea kando, badilisha raba zake. Hapa peke yake napendekeza poliyurethani bila kusita. Ni kazi ndogo, kelele yake haifiki ndani, na tofauti utaisikia kwenye kona ya kwanza.

Kwenye shafti kuna jointi zinazopata kutu. Jointi iliyokauka huufanya usukani uwe mzito, kisha mwepesi, kisha mzito tena ndani ya mzunguko mmoja. Ijaribu kwa oili ya kupenya, isipolainika, badilisha.

Onyo: ukiifungua shafti, funga usukani kwa mkanda wa kiti usizunguke. Nyuma yake kuna utepe wa waya wa eabegi wenye urefu maalumu. Usukani ukizunguka peke yake mara chache, utepe unakatika.

Usikaze skrubu ya kurekebisha reki kwa lengo la kuondoa ulegevu kabla ya kumaliza yote yaliyotangulia. Ikibanwa kupita kiasi, usukani unakwama ukitoka kwenye kona na haurudi wenyewe.

Ukifaulu: usukani ukisogezwa kwa upana wa kidole, magurudumu yanaanza kusogea.

## Hatua ya 5: Oili ya stelingi

Fungua tangi. Oili nzuri ni nyekundu na inapitisha mwanga. Nyeusi imeungua. Yenye povu ina hewa, na hilo kwenye injini za Subaru za EJ lina sababu moja maarufu: oringi (pete ya raba) ya bomba la kunyonyea, pale linapoingia kwenye pampu. Raba hiyo inakauka kwa joto la injini. Haivujishi oili kwa nje, inavuta hewa ndani. Pampu inalia, usukani unakuwa mzito baridi ya asubuhi, na fundi anauza pampu mpya. Badilisha oringi kwanza. Ni kipande cha bei ya soda.

Kusafisha: nyonya oili yote ya tangini, jaza mpya, nyanyua magurudumu ya mbele, na *injini ikiwa imezimwa* zungusha usukani taratibu kutoka mwisho hadi mwisho kama mara kumi. Nyonya, jaza, rudia mpaka itoke nyekundu. Washa injini, zungusha tena, usiushikilie usukani mwishoni zaidi ya sekunde chache kwa sababu pampu inapata joto kali pale.

Angalia pia mkanda. Unaoendesha pampu ndio unaoendesha oltaneta. Ukiteleza, taa zitafifia usukani unapogeuzwa gari likiwa limesimama.

## Hatua ya 6: Shokapu, springi na maunti za juu

Shika springi ya mbele wakati mtu anageuza usukani. Ikikusanya nguvu kisha ikaruka, maunti ya juu, pale shokapu inaposhikwa na bodi, imekwama. Hiyo inaufanya usukani usirudi katikati, na wengi huilaumu alaimenti.

Unapofungua shokapu, ina bolti mbili kwenye kifundo cha gurudumu. Ya juu ina kichwa cha kamu, kinachobadili pembe ya gurudumu kikizungushwa, chenye alama za kupangia. Ya chini ni ya kawaida. Piga rangi kwenye alama kabla ya kufungua, na usizibadilishane. Magari mengi yanafika alaimenti bolti ya kamu ikiwa tundu la chini, na mtu wa mashine anasema pembe hii haipangiki.

Onyo: springi ibanwe kwa vibanio viwili imara kabla ya nati ya juu kulegezwa. Springi inayoruka huvunja taya.

Spesa za kuinua gari na springi za kukata zote mbili zinahamisha mkono wa chini kutoka pembe yake. Spesa kubwa inavuruga pembe na kuinua uzito. Springi iliyokatwa inaliangusha gari mpaka linaegemea raba za kikomo, na kila tuta katikati ya kona linalirusha kando. Rudisha kimo cha kiwandani kwanza, endesha, ndipo uamue.

## Hatua ya 7: Alaimenti

Sasa ndiyo wakati wake. Tafuta mashine inayopima magurudumu yote manne, na udai karatasi ya vipimo vya kabla na baada. Gereji inayogusa tairodi za mbele tu haikufai, kwa sababu magurudumu ya nyuma ya gari hili yana marekebisho yake.

Nenda na upepo sahihi, tangi la nusu, buti tupu. Mwombe fundi afuate mpangilio huu: nyuma kwanza, kisha kemba ya mbele, kisha tou ya mbele usukani ukiwa umefungwa katikati.

Kemba ni jinsi gurudumu linavyolala kwa juu, kuelekea ndani au nje. Tou ni jinsi pua za magurudumu mawili zinavyotazamana. Kasta ni mlalo wa nguzo ya shokapu ukiitazama kutoka ubavuni, na ndiyo inayourudisha usukani.

Kwa barabara za lami na matumizi ya kila siku, naomba hivi:

- Kemba ya mbele: digrii −1.0 hadi −1.3, pande zote mbili sawa, tofauti isizidi 0.2. Bolti ya kamu inafika huko.
- Tou ya mbele: sifuri. Kiwanda kinaruhusu milimita 3 kila upande wa sifuri, lakini sifuri kamili ndiyo inayotoa usukani mtulivu.
- Tou ya nyuma: sifuri hadi milimita 2 kwa ndani. Kamwe isiwe kwa nje. Mkia utakuwa mwepesi kwenye mvua.
- Kemba ya nyuma haina marekebisho ya kiwandani. Ikitofautiana sana kushoto na kulia, kuna kilichopinda.
- Kasta pia haipangwi. Tofauti ya zaidi ya nusu digrii inaonyesha mkono au krosimemba iliyogonga kitu.

Kemba hasi ndiyo dawa ya pua inayokimbilia nje. Gari likilala kwenye kona, gurudumu la nje linalala nalo. Ukilianzisha limelala kidogo ndani, katikati ya kona linakanyaga lami kwa upana wote. Wenye gari wanaogopa tairi kuliwa ndani. Kwa digrii moja na ushee, kinachokula tairi ni tou mbaya.

Unaweza kuikagua tou nyumbani. Chora mstari wa chaki kwenye maua ya matairi mawili ya mbele, upande wa nyuma wa tairi, juu kadiri tepu inavyoweza kupita bila kugusa kitu. Pima kati ya mistari. Sukuma gari mbele mpaka mistari ifike upande wa mbele kwa kimo kile kile, pima tena. Vipimo vikilingana, tou ni sifuri. Cha mbele kikiwa kidogo, magurudumu yametazamana ndani.

Ukifaulu: kwenye barabara tupu na tambarare, kwa kilomita 80, gari linakwenda moja kwa moja vidole vikiwa vyepesi, na usukani umenyooka. Kenya, Tanzania na Uganda, ambako tunapita kushoto, mteremko wa barabara utalivuta kidogo kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo litavutwa kulia. Hiyo ni barabara. Lijaribu upande wa pili wa mteremko, mahali pasipo na magari, kabla ya kurudi kulalamika.

## Hatua ya 8: Maboresho, kama bado unayataka

Wengi wakifika hapa hawataki tena. Kwa anayetaka, fedha ya kwanza iende kwenye matairi bora, na ya pili kwenye stabilaiza ya nyuma.

Ugumu wa stabilaiza unapanda kwa kipeo cha nne cha unene wake: kutoka milimita 20 hadi 22 inaonekana ndogo, lakini ugumu unaongezeka kwa karibu asilimia 46. Impreza inapenda kusukuma pua, na kuikaza nyuma kunaisaidia igeuke. Usizidi hapo kwa gari la barabarani, na imarisha vibebeo vya stabilaiza kwenye bodi, kwa sababu vya kiwandani hupinda na kukatika vikibebeshwa stabilaiza nene. Kwenye lami yenye mvua lijaribu polepole kwanza: mkia sasa unaweza kutoka mapema kuliko ulivyozoea.

Springi fupi ziwe za mwisho, zisishushe zaidi ya sentimita mbili, na zifungwe na shokapu zilizotengenezwa kwa ajili yake. Kila ukibadilisha kimo, legeza bolti za bushi, zikaze upya gari likiwa chini, na urudi alaimenti.

Baada ya kilomita mia chache, zikaze tena nati za magurudumu, bolti za mikono na bolti za kamu kwa spana ya toki. Kama alama ya rangi kwenye kamu imehama, bolti hiyo imeteleza: ibadilishe, kisha rudisha gari kwenye mashine.